Kiti chenye Masikio ya Bwana Popo

Tulikuwa tumeshauacha mji wa Kasongo nyuma yetu, na hata paa la msikiti halionekani tena, mtu wa kwanza alipokipigia kiti saluti.

Alikuwa mzee anayefyeka ukingo wa barabara. Alitupa panga, akavua kofia yake ya ukindu, akasimama wima huku jasho likimwingia machoni. Mimi nilikuwa mbele na miti miwili mabegani, Assumani alikuwa nyuma, na kati yetu kiti kilining'inia kama mzungu kwenye tipoi, kile kiti cha kubebwa walichokipenda wazungu kabla magari hayajawazoesha vibaya zaidi. Tulikuwa tumekifunika shuka nyeupe kwa sababu ya vumbi. Shuka ilikuwa fupi. Juu yalitokeza masikio mawili, chini ilitokeza miguu.

"Yambo, Bwana," mzee akakiambia kiti.

Kiti hakikujibu. Mzee hakushangaa. Hata Bwana mwenyewe hakuwa na desturi ya kujibu.

Feza, aliyekuwa akitembea nyuma yetu na kikapu cha chakula kichwani, alicheka hadi akalazimika kukitua kikapu. Mumewe hakucheka. Bulaimu, fundi aliyekitengeneza kiti kile, aliyatazama masikio, akamtazama mzee, akasema polepole:

"Amemujua. Ameona masikio tu, amemujua."

"Si ulitaka yafanane, Baba Hawa?" Feza akamwuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Nilitaka yafanane kwa macho yake yeye. Si kwa kila mutu wa barabara."

Hapo ndipo Bulaimu alipoanza kuogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Wacha nieleze kwa nini.

Mwaka ulikuwa 1936. Bulaimu alikuwa seremala pale Kasongo, fundi wa milango, vitanda vya kamba na majeneza. Watu walisema jeneza lake ni zuri kuliko nyumba ya marehemu. Lakini alizaliwa upande wa Kabambare, na buku lake la serikali, kitabu cha kitambulisho, liliandikwa huko. Serikali ilikuwa inataka pamba. Mwanaume aliyeandikwa Kabambare alipaswa kurudi Kabambare, apimiwe shamba kwa kamba, alime kitu asichokila wala asichokivaa, na kapita amsimamie na fimbo. Dawa ilikuwa moja tu: neno *artisan* ndani ya buku, na muhuri juu yake. Mwenye neno hilo ni fundi, anaachwa mjini na kazi yake. Asiye nalo ni mkulima, hata kama maisha yake yote hajashika jembe ila kulitia mpini.

Neno hilo lilikuwa limefungiwa ndani ya kalamu ya mzungu mmoja wa Kabambare. Jina lake la kwao lilikuwa refu, sikuwahi kulimaliza. Watu walimwita Bwana Popo, kwa sababu ya masikio. Yalikuwa makubwa, mekundu, yamesimama mbali na kichwa kama milango ya kabati iliyoachwa wazi. Jua likiwa nyuma yake uliona mishipa. Juu ya hayo, aliwahi kuanguka na pikipiki yake, na mgongo ukaharibika. Kulala kulimwuma, kukaa kulimwuma, na siku ambayo hakulala, watu walichapwa. Kwa hiyo usingizi wa Bwana Popo haukuwa jambo lake peke yake.

Basi akaagiza kiti. Karani wake, Octave, mtu wa misioni, akamwandikia Bulaimu barua. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa sababu Bulaimu alijua herufi za Kiarabu tu, na mimi nilikuwa nimekaa kidogo kwa mapadri na kidogo kwa mwalimu wa Kurani, nikatoka kote kabla hawajanimaliza. Barua ilisema hivi:

"Kwa fundi Bulaimu. Bwana anataka kiti moja ya masikio. Ikuwe na mugongo murefu, mikono mbili, na miguu ine ya kuchongwa muzuri. Kiti ikimupendeza, atakuandika artisan. Isipomupendeza, ukuje na jembe."

Waliokaa sana nyumbani kwa wazungu watanicheka. Leo hata mimi najua: wazungu wana kiti ambacho mgongo wake umekunjwa mbele pande zote mbili huku juu, ili mtu akisinzia kichwa kisianguke. Hizo kuta mbili ndogo wao wanaziita masikio. Octave aligeuza Kifaransa neno kwa neno, akapiga muhuri, akaenda kula. Lakini nani Kasongo alikuwa ameona kiti cha namna hiyo? Sisi viti vyetu vina miguu na mikono na mgongo tangu zamani, ila ni maneno tu, hakuna anayeyafikiria. Masikio ndiyo yaliyomwamsha Bulaimu. Alikaa siku mbili bila kugusa randa, kisha akaniambia:

"Yakubu, kama masikio iko masikio, basi mikono iko mikono, na miguu iko miguu. Mimi nimeona kiti ya machifu wa zamani, ile inabebwa na mwanamuke wa kuchongwa amepiga magoti. Mukubwa anakaa juu ya mutu. Huyu naye ni mukubwa. Anataka mutu wake wa kukalia."

"Na masikio ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka upande gani. "Huku kwetu nani anajulikana kwa masikio?"

Alitumia mti mwekundu. Mgongo aliuchukua kwa Assumani, mbebaji mwenzangu, ambaye alikuwa mwembamba na mrefu kama mwiko wa bugali. Alimlaza kifudifudi juu ya meza ya kazi, akahesabu vifundo vya uti wa mgongo kwa kidole, kimoja kimoja, huku Assumani akipiga kelele kwamba anatekenywa na mwanaume mchana kweupe. Mikono alichonga ya kwake mwenyewe. Ya kushoto imelala, ya kulia imegeuka kiganja juu. Nilimwuliza kwa nini.

"Ya kulia inaomba," akasema. "Nimechonga kile kiko ndani ya roho yangu."

Miguu ya mbele ilikuwa ya Feza, hadi ule ufa wa kisigino. Feza alikasirika, akasema mzungu atamwona anatembea bila kujipaka mafuta. Miguu ya nyuma ilikuwa yangu. Mguu wangu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Funza walikila nikiwa bado ninanyonya. Bulaimu alichonga vidole vinne.

"Ongeza kile kingine, ndugu yangu," nilimwomba. "Nani atajua?"

"Sichongi kitu kisichokuwako. Nitakuwa mwongo."

Shida ilibaki moja. Mtu wa msikiti hachongi mtu; siku ya kiyama ataambiwa akitie roho alichokichonga, na atashindwa. Bulaimu akamwita Mwalimu Faradji. Mwalimu alikuja, akazunguka kiti mara tatu, akainama, akachungulia chini kama anayenunua mbuzi.

"Kichwa iko wapi?"

"Hakuna, Mwalimu. Hakuandika kichwa."

"Tumbo?"

"Hakuna."

"Na... kitu kingine?"

"Mwalimu! Hakuna!"

"Basi si mutu," akasema Faradji. "Masikio makubwa bila kichwa, mikono ya kuchukua, miguu ya kukanyaga. Hiyo ni serikali. Peleka."

Ndivyo tulivyojikuta barabarani, watu wanne na kiti, safari ya siku tano. Feza alikuja kwa sababu hakumwamini mumewe mbele ya mzungu. "Utasema ukweli," alimwambia. "Nakujua."

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Habari ilitutangulia: Bwana Popo yuko barabarani, anasafiri kimya, amejifunika shuka, labda ana homa. Kila kijiji tulikuta barabara imefagiwa. Wanawake walipiga vigelegele vya woga. Kapita mmoja alileta kuku watatu, akapiga goti mbele ya miguu ya Feza, namaanisha ile ya mbao, akaanza kutoa ripoti ya pamba bila kuinua macho. Bulaimu alitaka kufunua shuka, aseme ukweli. Feza alimkanyaga, akamnong'oneza:

"Ukifunua sasa, huyu baba atakuwa ametoa heshima kwa kiti mbele ya watu wake. Atatuua sisi, si kiti. Nyamaza."

Kapita alisubiri jibu. Hapo Assumani, mjinga yule, aliyekuwa amesimama nyuma amefichwa na shuka, akakaza koo na kusema kwa sauti ya puani, ile ya Bwana Popo hasa:

"Muzuri. Kesho hapana kazi. Watu wote walale."

Kapita aliinua kichwa. Hakuamini. Aliyatazama masikio, mekundu, makubwa, hayana shaka. "Aksanti, Bwana," akasema, na machozi yakamtoka.

Tulipokuwa mbali Bulaimu alimshika Assumani shati. "Unataka nilime pamba mpaka nife?"

"Yaya Bulaimu, kaka yangu, si mimi. Ni kiti ilisema."

Na kiti kilisema tena siku ya tatu, na siku ya nne, kila siku katika kijiji kimoja, kwa sababu habari ilishafika na watu walikuwa wamekaa barabarani kabisa kungojea wapewe mapumziko. Tungefanya nini? Feza mwenyewe alichoka kukataza. Kuku walifika kumi na mmoja, tukawa tunawala.

Octave alitupokea mwanzo wa Kabambare. Alikuwa amevaa kaptula nyeupe na sura ya mtu anayezikwa kesho.

"Mumefanya nini? Vijiji tatu vimelala! Kapita mmoja ameandika barua ya kumushukuru Bwana kwa huruma yake. Huruma! Bwana amesoma mara mbili, hakuelewa. Anasema kuna mutu anatembea na jina lake."

"Si jina," akasema Feza. "Masikio tu."

Octave akainua pembe ya shuka. Akaishusha. Akaegemea mti.

"Mama yangu," akasema. "Mimi niliandika *oreilles*, zile za kiti ya wazungu."

"Uliandika masikio," nikamwambia. "Barua ninayo."

Nikaitoa aione. Akanyosha mikono aichukue, nikairudisha mfukoni. Tangu wakati huo Octave akawa mtu wetu, hakuwa na njia nyingine; kosa lake lilikuwa mfukoni mwangu.

Bwana Popo alitoka kwenye baraza amejishika kiuno. Tukatua kiti mbele yake, Bulaimu akavuta shuka mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anavyofunua bibi harusi. Nitasema kweli: pale kwenye jua kilikuwa kitu kizuri sana. Mti ulikuwa umesuguliwa kwa majani makavu na mafuta ya mawese mpaka unang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Uti wa mgongo ulipanda kifundo juu ya kifundo. Na juu kabisa, pande mbili, masikio ya Bwana Popo, na mshipa wa nyuma, na ule ukunjo mdogo wa sikio la kulia uliotokana na kung'atwa na nyuki.

Askari mmoja aligeuka ukutani, mabega yakitetemeka.

"Nini hii?" akauliza Bwana. Masikio yake ya nyama yalikuwa yakibadilika rangi kufuata yale ya mti.

"Ni kiti ya masikio, Bwana," akasema Bulaimu.

"Masikio ya nani?"

Nilimwona Bulaimu akifungua mdomo kusema ukweli. Jembe lake nililiona pia, linamngoja. Feza akamwahi.

"Ya serikali, Bwana. Serikali inasikia yote."

Bwana Popo alimtazama Feza muda mrefu. Hakujua kama ametukanwa au ameheshimiwa, na watu wote uwanjani walikuwa wanangoja wajue pia. Akamgeukia Octave.

"Na nani alilaza vijiji vyangu?"

Octave akatazama kiti. "Wanasema ni wewe, Bwana. Wanasema walikuona."

Bwana akaelewa. Niliona inavyomwingia, polepole, kama maji ndani ya kiatu. Ili awaadhibu wale watu angepaswa kumwandikia mkubwa wake wa Kasongo kwamba vijiji vitatu vya Kabambare vimetii kiti, na havikuona tofauti.

"Kata," akasema. "Kata masikio yote mbili. Sasa hivi. Nikirudi kutoka mezani iwe kiti kama viti. Ndipo nitatazama buku yako."

Akaingia kula. Bulaimu alitoa msumeno kwenye mfuko, akauweka juu ya sikio la kushoto, akabaki hivyo.

"Mama Hawa, sijawahi kutengeneza kitu kama hii. Sitatengeneza tena."

"Kata, Baba Hawa."

"Yamefanana mpaka kapita amelia."

"Kata! Haya ya mbao hayaumwi. Yako ndiyo jua ya pamba itayachoma. Unataka Hawa amwone baba yake na jembe, au unataka masikio ya Muzungu?"

Akakata. Sikio la kushoto likaanguka vumbini. Feza akaliokota, akalifuta kwa kanga, akalitia kikapuni pamoja na kuku wa mwisho. Bulaimu alikuwa anahamisha msumeno upande wa pili Bwana Popo alipotoka, na bilauri ya bia mkononi, uso umekunjwa kwa maumivu ya mgongo.

"Bado?"

"Moja imebaki, Bwana."

"Ngoja. Kwanza nione kama kinasimama sawa. Kama kinayumba, usijisumbue."

Akakaa, si kwa kupenda, bali kama mtu anayekaa juu ya kitu cha adui. Kiti hakikuyumba; kilisimama juu ya miguu ya Feza na ya kwangu, vidole kumi na tisa. Akaegemea. Vifundo vya mgongo wa Assumani vikaingia vyenyewe pande mbili za uti wake, pale palipovunjika, vikamshikilia. Alitoa sauti. Haikuwa neno. Mkono wake ukatafuta pa kuweka bilauri, ukakuta kiganja cha Bulaimu kimefunguka juu, kinaomba. Akaitua. Bilauri ikakaa hapo kama yai kwenye kiota.

Bwana aliitazama. Akaichukua, akanywa, akairudisha. Ikakaa.

Kisha kichwa kikaanza kwenda. Kilikwenda kushoto, hakikukuta kitu, akashtuka akaguna. Kikaenda kulia, kikakuta sikio lake mwenyewe. Kikapumzika. Akalala.

Alikoroma. Askari mmoja alinong'ona kwamba tangu msimu wa mvua hajasikia sauti hiyo. Octave alisimama na buku la Bulaimu mkononi na kalamu tayari. Bulaimu alisimama na msumeno, hawezi kukata sikio ambalo kichwa cha serikali kimelalia. Sisi wengine tulisimama juani tu. Watu wa sokoni walikuja, wakatazama, wakaondoka kwa ncha za vidole. Mtoto akilia, mama yake alimziba mdomo. Kabambare yote ililinda usingizi ule kama moto unaotaka kuzimika. Kivuli cha nyumba kilitufikia miguuni, kikatupita.

Alipoamka alinyosha mgongo, akangoja maumivu. Hayakuja mara moja. Akatugeuzia uso, na Assumani akaniminya mkono mpaka nikataka kulia, kwa maana kwenye shavu lake la kulia lilikuwa limejichapa sikio, zima, jekundu, na mshipa wake na ukunjo wa nyuki. Bwana Popo sasa alikuwa na masikio matatu.

Hakuna aliyemwambia.

"Nikate hili lingine, Bwana?" Bulaimu akauliza, macho chini.

Bwana alilishika sikio lililobaki. Akalipapasa. Akamtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, atafute anayecheka. Feza alikuwa anasoma mawingu.

"Acha," akasema. "Liko... sawa. Ni la kichwa."

"Ndiyo, Bwana. Ni la kichwa."

Akamnyang'anya Octave kalamu, akaandika neno lile, akapiga muhuri, akatupa buku kwa Bulaimu bila kumtazama. Bulaimu alinipa nisome. Nilisoma herufi moja moja kwa sauti, zote saba, na ya mwisho ilipotoka Feza alikaa chini pale pale vumbini, akavua kanga ya kichwa, akajifuta uso nayo. Bwana Popo alishuka ngazi kwenda kukagua ghala la pamba. Alipita katikati ya soko lote na shavu lile, wima, bila kushika kiuno, na watu wakavua kofia, wakainama sana kuliko siku zote, kwa sababu ukiinama sana uso wako hauonekani.

Bulaimu alibaki Kasongo na hakulima pamba. Watu walimletea kazi za namna ile: Sidonie, mke wa mwalimu wa misioni, alitaka kigoda chenye magoti, na Kassimu, muuza nguo, alitaka kabati lenye kitovu pa kutilia ufunguo. Alizifanya zote, vichwa alikataa. Alikufa mwaka 1951 kwa kifua, na alibebwa katika jeneza la fundi mwingine, baya. Feza aliishi baada yake miaka tisa. Assumani alikwenda kwenye migodi ya dhahabu upande wa Salamabila, akaiga sauti ya kapita wa huko, akafungwa miezi miwili. Octave aliacha ukarani, akafungua duka Kabambare, hakugeuza tena Kifaransa cha mtu. Mwalimu Faradji alikwenda kuhiji, hakurudi. Bwana Popo alihamishwa mwaka 1938. Kiti kilikuwa kizito, akakiacha kwenye nyumba ya wageni ya serikali, na mchwa walikianza kwa mguu wangu wa kushoto. Sikio la kushoto lilipigiliwa kwenye mlango wa Bulaimu, watu wakawa wanatundika kofia zao. Sasa liko kwa Hawa, binti yake. Mimi nilipita hapo mwaka jana, nikatundika yangu.